Jinsi ya Kuchambua Komedi ya Televisheni Bila Kuishia Kusema "Inachekesha"

Mpenzi wa komedi akisema "kile kipindi siku hizi kimepooza", mara nyingi yuko sahihi. Shida ni kwamba hajui kimepoozea wapi, na akibanwa anakimbilia "zamani ilikuwa bora". Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka maoni yake yashikike, yaani mwenzake akibisha, wawe na kitu cha kubishania. Mifano mingi ni ya Kenya na Tanzania kwa sababu ndiyo komedi tuliyokua nayo, ila hatua zenyewe hazibadiliki hata ukichambua ya Marekani au Uingereza.

Unahitaji daftari, kalamu, simu yenye saa ya kuhesabu sekunde, na muda wa kama saa nne kwa kipindi kimoja. Ukiwa na nusu saa tu, usiandike uchambuzi. Andika salamu.

Sehemu zipi utazame

Tazama sehemu nne. Ya kwanza kabisa kurushwa, moja ya katikati wakati waigizaji wameshazoeana, moja iliyokuja baada ya badiliko kubwa, na ya karibuni zaidi uliyoipata. Sehemu ya kwanza peke yake inadanganya: dakika nyingi zinaliwa na kutambulishana, nani mke wa nani, nani bosi wa nani, na waigizaji bado wanatafuta sauti za wahusika wao. Ya karibuni peke yake nayo inadanganya, maana inategemea watazamaji wanaojua tayari kwa nini mhusika akikohoa tu watu wanacheka.

Hiyo ya baada ya badiliko ndiyo inayofundisha kuliko zote. Badiliko laweza kuwa mwigizaji aliyeondoka, saa ya kurushwa iliyohamishwa au kituo kipya. Wale vijana wa Ze Comedy walipotoka EATV kwenda TBC1, Masanja, Joti, Mpoki na wenzao walihama na vichwa vyao lakini jina halikuhama nao, wakawa Orijino Komedi. Ukiandika "Ze Comedy walikuwa hivi" huku mfano wako umetoka TBC1, msomaji wa Dar atakukamata kwenye mstari wa kwanza na hatasoma wa pili.

Vipindi vya vipande vipande, kama Orijino Komedi, Futuhi ya Star TV au Mizengwe ya ITV, havipimwi kwa kipande kimoja. Chukua toleo zima, mara tatu, na uangalie pia mpangilio: kipande kikali kimewekwa wapi, na kipi kimefichwa katikati ili kisionekane kinavyovuja.

Kuhusu kuvipata: vipindi vingi vya zamani utavikuta YouTube, vingine kwenye chaneli za vituo vyenyewe, vingine vimepakiwa na watu binafsi wanaokwepa mitambo ya hakimiliki. Hao wa pili ndio wa kuangaliwa. Kabla hujaanza kutazama, kagua mambo matatu. Maandishi kwenye fulana au kibao cha duka yakisomeka kinyumenyume, picha imegeuzwa. Hiyo haina madhara makubwa. Sauti zikiwa nyembamba kidogo kama za watoto, mwendo umeongezwa, na hapo nakala hiyo haikufai kabisa, kwa sababu komedi inaishi kwenye kimya cha nusu sekunde kabla ya jibu, na kimya hicho kimekatwa. La tatu ni urefu. Sehemu ya nusu saa iliyoonekana kwako kama dakika kumi na moja imekatwa, na kinachokatwa kwanza huwa ni maandalizi ya kichekesho, yaani kile kipande kinachoonekana "hakichekeshi".

Kwa sababu hiyohiyo, usihukumu kipindi kwa vipande vya WhatsApp au TikTok. Pale unapewa mfyatuo, yaani lile neno au tendo la mwisho linalochekesha, bila maandalizi. Kipindi dhaifu kinaweza kuwa na sekunde arobaini nzuri sana.

Tafuta mtego

Komedi ya hadithi inayodumu ina mtego: hali ambayo mhusika mkuu anaishi ndani yake na hawezi kutoka. Baada ya kutazama sehemu mbili, jaribu kuuandika kwa sentensi moja yenye umbo hili: fulani anataka kitu fulani, kuna jambo linamzuia, na kila anachofanya kujinasua kinazidi kumfunga.

Kwa Papa Shirandula ya Citizen TV sentensi inakuja yenyewe. Papa, aliyeigizwa na Charles Bukeko, ni mlinzi, lakini mkewe Wilbroda anaamini mumewe ana kazi ya ofisini. Basi anatoka nyumbani na suti, anafika kazini anabadili sare, na yeyote anayeijua siri hiyo amemshika pabaya. Angalia kinachotoka kwenye sentensi hiyo moja. Mgeni yeyote wa mtaani anayefika kazini kwake ni hatari. Tarehe ya mshahara ni hatari. Njoro, mlinzi mwenzake, ni rafiki na tishio kwa wakati mmoja. Mwandishi hahitaji kutafuta jambo la kuchekesha, anahitaji kumleta mtu mmoja tu mahali pasipomfaa.

Mtego unaweza pia kuwa mahali. Vioja Mahakamani ya KBC imedumu vizazi kwa sababu mahakama ina utaratibu wake usioyumba, na kila anayeingia anakuja na wake kutoka nyumbani. Kiongozi wa mashtaka anauliza swali la ndiyo au la. Mshtakiwa anaanza kwa kueleza shamba lilivyogawanywa enzi za babu.

Hapa kuna jambo ambalo wachambuzi wengi wanalipita: katika Vioja, anayebeba kipindi si yule anayechekesha. Ni hakimu asiyecheka. Gibson Mbugua, aliyeigiza kiongozi wa mashtaka kwa miaka mingi, alifanya kazi ileile, kuuliza kwa sauti ya mtu aliye kazini kweli, na kukasirika kama mtu aliyepotezewa muda kweli. Siku hakimu akicheka, mahakama imegeuka baraza la kahawa na mshtakiwa hana tena kitu cha kuvunja. Kwa hiyo kila komedi unayoitazama, jiulize: mtu makini ni nani? Mwandike jina. Kipindi ambacho kila mhusika ni kichekesho, watu sita wanapiga kelele kwa pamoja na hakuna anayeshangaa, huchosha ndani ya dakika nane, na mtazamaji hajui kwa nini amechoka. Ukimwambia sababu ni hiyo, umemfanyia kazi.

Mr. Bean ni mfano mwingine mzuri wa mtego mdogo: mtu mzima anataka jambo dogo mno, kama kupata nafasi ya kuegesha gari au kukaa macho kanisani, na hataki kumwomba mtu yeyote msaada. Sehemu 15 tu zilitengenezwa, kuanzia 1990, na zimezunguka dunia nzima kwa sababu mtego huo hauhitaji lugha.

Sentensi ikigoma kutoka hata baada ya sehemu tatu, usiilazimishe. Iandike hivyo: kipindi hakina mtego, kina matukio. Hiyo tayari ni hukumu.

Vipindi vya jukwaani havina mtego wa namna hii, kwa hiyo usivipime nao. Kwa Churchill Show ya Daniel Ndambuki au Cheka Tu ya Coy Mzungu, badilisha swali: mchekeshaji anasimama wapi katika hadithi yake? Yeye ndiye aliyepatwa, ndiye aliyesababisha, au anawatazama wengine kwa mbali? Anayesimama palepale kila wiki, na kila wiki mjinga ni mtu mwingine, huanza kuchosha kabla hata vichekesho vyake havijaisha.

Uigaji wa wakubwa nao una swali lake. Redykyulass, yaani Walter Mong'are, Tony Njuguna na John Kiarie, walimwiga Rais Moi angali madarakani, mwishoni mwa miaka ya 1990. Kijana anayetazama vile vipande leo anaona mtu anaigiza sauti ya mzee, anasema mbona kawaida. Amekosa nusu ya kichekesho: ukumbi wote ulikuwa unajiuliza kama hili linaruhusiwa. Ukichambua uigaji wa zamani, sentensi moja ya kueleza nani alikuwa na nguvu wakati ule ni lazima. XYZ Show ilipoanza 2009, na vikaragosi vyake vilivyotokana na mikono ya mchora katuni Gado na wenzake, ilikuwa na mzigo tofauti. Sura ya kikaragosi imeshamaliza kazi ya kufanana, kwa hiyo maneno yasipokuwa na makali hakuna kingine cha kukuokoa.

Dakika kumi za daftari

Sasa chagua dakika kumi mfululizo kutoka sehemu ya katikati. Usichague zile unazozipenda. Anza dakika ya tano mpaka ya kumi na tano, vyovyote ilivyo. Gawa ukurasa safu nne: saa ya tukio, nani, aina, na kilichofuata. Aina ziwe herufi tano tu, la sivyo utapoteza muda kuandika badala ya kutazama:

M ni kichekesho cha maneno, kama jibu la mkato, kutoelewana au msemo uliopindishwa.
L ni lafudhi au matamshi.
V ni vituko vya mwili, kama kuanguka, uso, mavazi au kutembea.
H ni hali, pale ambapo hakuna aliyesema wala kufanya la ajabu, ila sisi tunajua jambo ambalo mhusika halijui.
U ni uigaji wa mtu au kazi inayojulikana.

Andika kila jaribio la kuchekesha, hata lisilokuchekesha. Hilo liwekee alama ya x. Safu ya nne ndiyo watu wanaiacha, na ndiyo ya maana. Andika kama kichekesho kimebadilisha chochote: siri imekaribia kufichuka, mtu amekasirika, mtu amefukuzwa. Kisipobadilisha chochote, weka sifuri.

Ukimaliza, hesabu. Tuseme una majaribio kumi na manane, kumi na moja ni L, na safu ya nne ina sifuri kumi na tatu. Huhitaji tena kusema kipindi kimepooza, unaweza kusema kinaishi kwa lafudhi na hadithi haisogei. Tuseme kipindi kingine kina majaribio saba tu, lakini matano ni H na kila moja limesogeza jambo. Hicho ndicho watu watakisimulia kesho ofisini, japo wakati wa kukitazama hawakupiga kelele.

Idadi kubwa si ubora. Anayeanza hulipuuza hili, anafurahi kuona majaribio ishirini na tano, kumbe mwandishi alikuwa anarusha mawe gizani.

Lafudhi inahitaji ukurasa wake

Hakuna eneo ambalo komedi yetu inalitegemea zaidi na ambalo linachambuliwa vibaya zaidi. Kenya kuna Mluo wa televisheni, Mkamba wa televisheni, Mluhya wa televisheni na kila mmoja na "r" yake. Tanzania kuna Msukuma, Mhaya, Mmakonde na Mpemba. Maoni mengi yanagawanyika pande mbili: wanaosema "acheni ukabila" na wanaosema "ni utani tu". Pande zote mbili zinamwacha msomaji alipokuwa.

Tumia jaribio hili. Chukua mstari uliochekesha, uuseme kichwani kwa Kiswahili sanifu cha kawaida. Ukiendelea kuchekesha, lafudhi ni sehemu ya mhusika, imekaa mwilini mwake kama kofia yake. Ukifa palepale, kichekesho kizima kilikuwa ni namna kabila fulani linavyotamka. Sasa una hoja, na una ushahidi.

Mzee Ojwang' wa Vitimbi ndiye kipimo cha juu. Benson Wanjau, aliyefariki Julai 2015, alikuwa Mkikuyu, na kwa miongo kadhaa aliigiza mzee wa Kiluo hadi watazamaji wengi wakaamini ndiko alikotoka. Lafudhi yake haikupanda na kushuka kulingana na haja ya kichekesho. Ilikuwa ileile akiwa na furaha, akiwa amefilisika, akiwa anamkwepa mkewe Mama Kayai. Kilichochekesha kilikuwa majivuno ya mzee anayejua kila kitu katika nyumba ambayo mke ndiye anayejua kila kitu. Mwigizaji mbovu utamjua hapa: lafudhi inakuwa nzito anapokaribia kichekesho na inapotea anapoanza kulia au kuomba msamaha. Rudi kwenye daftari lako, tafuta mandhari ya huzuni, sikiliza matamshi. Dakika mbili zinatosha kutoa hukumu.

Zima sauti, kisha zima picha

Rudia dakika tano za kipande kilekile bila sauti. Kama bado unajua nani anadanganya na nani anashuku, mwelekezi na waigizaji wamefanya kazi yao. Kama unaona watu wamesimama nusu duara wakitazamana kwa zamu, ile ni redio yenye taa. Kisha geuza mgongo, usikilize bila kutazama. Joti akiwa amevaa gauni na kilemba, ukizima picha utapata jibu la swali gumu: ni gauni linalochekesha, au ni mhusika? Gauni lisipoonekana na bado unamwona bibi yule kwa sauti tu, ni mhusika.

Wakati huohuo pima kimya. Washa saa pale swali linapoulizwa, zima jibu linapotoka. Waigizaji wenye uzoefu wana tofauti: jibu hili sekunde moja, lile sekunde tatu, na lile la tatu hakuna jibu, ni jicho tu. Wanaoanza hujibu yote kwa kasi ileile kwa sababu wanaogopa kimya. Haya huwezi kuyaona kwa kutazama tu mara moja. Kwa kupima, yanaonekana papo hapo.

Nani anacheka?

Kicheko unachokisikia kinaweza kuwa cha watu waliokuwapo, cha mashine, au cha fundi wa sauti aliyepitia usiku. Zoea la kupiga picha za komedi mbele ya watazamaji kwa kamera kadhaa lilipata umbo lake Marekani kwenye I Love Lucy mwaka 1951, na katika miaka hiyohiyo Charles Douglass akatengeneza mashine ya kuongezea vicheko vilivyorekodiwa. Tangu hapo ugomvi haujaisha. Watayarishaji wa M*A*S*H, komedi ya madaktari wa vita vya Korea, hawakukitaka kicheko cha mashine. Walichopata kutoka kwa kituo ni kwamba ndani ya chumba cha upasuaji hakitasikika. Tazama sehemu moja ukiwa na habari hiyo, usikie jinsi mlango wa chumba kile unavyokuacha peke yako na maneno.

Kwetu kicheko cha mashine kimepungua, ila nafasi yake imechukuliwa na milio: kengele, ngoma, bata, sauti ya kitu kinachoteleza. Hesabu milio katika zile dakika kumi. Kisha linganisha na alama zako za x. Mara nyingi milio imejaa palepale penye x. Mhariri alijua pamelegea akaweka kiraka.

Kwa vipindi vya jukwaani, angalia watazamaji wanaoonyeshwa. Chagua mtu mmoja mwenye nguo rahisi kukumbuka, tuseme dada wa kilemba cha njano, safu ya pili. Akionekana anajipiga paja kwa kicheko kilekile, mkono uleule, kwenye vichekesho vya wachekeshaji wawili tofauti, basi picha imepandikizwa. Si dhambi, uhariri wa aina hiyo ni wa kawaida. Lakini usiandike "ukumbi ulilipuka" kwa ushahidi wa dada huyo. Sikiliza badala yake sauti: kicheko cha kweli cha ukumbi huanza pembeni, hupanda bila mpangilio, na mchekeshaji hulazimika kusubiri. Kama hakusubiri, na maneno yake hayakufunikwa, ukumbi haukulipuka.

Kuandika

Maneno 600 hadi 800 yanatosha kwa kipindi kimoja. Kwa chapisho la Facebook, 150. Ukizidisha unaanza kusimulia hadithi yote, na hakuna kinachoua komedi kama muhtasari wake.

Sentensi ya kwanza iwe hukumu pamoja na sababu. Ya pili au ya tatu iwe ule mtego. Baada ya hapo chagua mandhari moja tu, uisimulie kwa karibu. Hapa ndipo pagumu. Kichekesho kinasimuliwa kwa kujenga maandalizi kwa uaminifu: nani yuko wapi, anajua nini, hajui nini. Kisha unatoa mfyatuo kwa maneno yaleyale ya kipindi, bila kuongeza "hapo ndipo nilipoanguka chini". Msomaji akicheka mwenyewe, hoja yako imeshapita. Asipocheka, kuanguka kwako hakutamsaidia.

Linganisha aya hizi mbili. Ya kwanza:

"Papa Shirandula ilikuwa noma sana. Papa alikuwa anachekesha mpaka mbavu zinauma, na Wilbroda naye hakuwa mchezo. Hakuna kipindi kitakachofika pale tena."

Ya pili:

"Papa Shirandula ilikuwa hadithi ya suti. Mlinzi anatoka nayo nyumbani ili mkewe asijue kazi yake, na kila kinachotishia suti hiyo kinamtishia yeye. Ndiyo maana Bukeko, mwili mkubwa vile, alichekesha zaidi alipokuwa anajaribu kutoonekana kuliko alipokuwa anapayuka."

Aya ya pili inaweza kubishiwa. Mtu atasema hapana, alichekesha zaidi akigombana na Njoro, na ataleta mfano. Hayo ndiyo mazungumzo unayoyatafuta.

Maneno kama "noma", "kali", "moto" na "vunja mbavu" hayakatazwi, ila kila ukiandika moja, mandhari ifuate ndani ya mistari miwili. Ukikosa ya kuifuatisha, futa neno.

Tenganisha mhusika na mwigizaji kila mara. Awinja wa Papa Shirandula ni mhusika, Jacky Vike ni mwigizaji. Otoyo ni mhusika, Kazungu Matano ni mwigizaji. Ukiandika "Otoyo ni mjinga" umemsema mhusika. Ukiandika "Matano ni mjinga" umemsema mtu, na hapo umeacha uchambuzi na kuingia kwenye kesi. Vilevile maumbile ya mwigizaji, ndoa yake na madeni yake havihusiani na dakika zako kumi.

Linganisha vinavyolingana. Mashabiki wa Waingereza hupenda kutupiga na Fawlty Towers. Komedi ile ina sehemu 12 tu, sita za 1975 na sita za 1979. Mwandishi mwenye miaka minne ya kufikiria na mwandishi anayetakiwa kutoa kipindi kila wiki bila mapumziko hawako kwenye mbio moja. Papa Shirandula ilinganishe na Inspekta Mwala: kituo kilekile, watazamaji walewale. Auntie Boss ilinganishe na Varshita, kipindi kilichomchukua mhusika wake mmoja na kumpa nyumba yake mwenyewe. Hapo kuna swali zuri la kuandikia, kama mtu aliyekuwa kiungo anaweza kuwa chakula.

Ukitaka kuweka kipande cha video, kiwe kifupi na utaje kipindi na kituo. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inaruhusu matumizi ya haki kwa uhakiki ukitaja chanzo, ila mitambo ya YouTube haisomi sheria. Sekunde kumi au kumi na tano zenye maelezo yako juu yake huwa na nafasi kubwa zaidi ya kupona kuliko dakika mbili tupu. Picha tatu za mnato na maelezo yako mara nyingi hufanya kazi hiyohiyo bila ugomvi. Walioko Tanzania wazitazame pia kanuni za maudhui ya mtandaoni za TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya huko, kabla ya kufungua blogu au chaneli, kwani baadhi ya huduma hizo zinahitaji leseni.

Panapoharibika

Kosa kubwa ni kuhukumu kwa kumbukumbu. Vitimbi unayoikumbuka uliitazama na ukoo mzima sebuleni, stesheni ikiwa moja. Nusu ya kicheko ilikuwa ya mjomba. Tazama upya kabla ya kuandika neno "zamani". Wakati mwingine utakuta kipindi ni kizuri kuliko ulivyokumbuka, kwa sababu ambazo utoto haukuziona, na hiyo ni makala tosha.

La pili ni kuandika siku msanii anapofariki. Bukeko alifariki tarehe 18 Julai 2020, na wiki ile kila maoni yaligeuka kuwa rambirambi, kama inavyostahili. Rambirambi ni rambirambi. Uchambuzi usubiri mwezi.

La tatu: kumbebesha mwandishi maoni ya mhusika. Mume mkali wa kwenye komedi anapomdharau mkewe, angalia safu yako ya nne. Dharau hiyo inamletea nini? Kama kila mara inamrudia usoni, kipindi kinamcheka yeye. Kama inapita hivihivi na milio ya kengele juu, kipindi kinacheka naye, na hapo una haki ya kulalamika kwa sauti.

Mwisho wa makala weka mstari mmoja unaotaja sehemu ulizotazama na tarehe uliyozitazama, na daftari usilitupe. Ukiandika kwamba mtu makini wa kipindi amepotea, haitapita saa moja kabla mtu hajauliza, "Sehemu gani? Dakika ya ngapi?" Mjibu kwa namba.